Moshi wa Nyuki na Kopo la Majani ya Chai

Mwende binti yangu, mwaitu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa salamu ndefu, natumai hujambo, mimi huku ni mzima. Sasa nitatumai nini na ninakuona kutoka hapa? Umekaa mlangoni pa jikoni kwenye kigoda cha mama yako, binamu yako anakusuka, na kila akivuta unasema, "Polepole basi, hicho ni kichwa." Tuko hatua thelathini. Lakini kuna neno ambalo siwezi kulibeba hatua thelathini kwa mdomo, kwa hivyo nimechukua daftari lako la kemia la kidato cha tatu, lile uliloacha nusu ya kurasa tupu kama mtoto wa tajiri, na nimejificha nyuma ya banda la kuku. Kuku wananiangalia. Hawajawahi kuniona na kalamu.

Usishangae mwandiko. Mwalimu wangu wa kidato cha pili alisema nina mwandiko mzuri kuliko akili, na mwaka uo huo nikaacha shule, kwa hivyo akili haikupata nafasi ya kuufikia mwandiko. Lakini angalia, mtu wa kidato cha pili amezaa mtu anayekwenda chuo kikuu kesho asubuhi. Hiyo ni mbegu. Kule Kiboko, kwenye kituo cha mbegu nilikofanya kazi, wangelipa ili waipande.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji na kutompa mtu simu yako barabarani nitaachia mama yako. Alianza kukuambia wiki iliyopita na bado yuko kwenye mlango. Mimi nataka kukuandikia makosa yangu. Ni machache, unajua, mtu kama mimi hafinyangwi kila siku. Nimechagua mawili. La kwanza umelisikia mara mia na kila mara nimeliongezea chumvi. Leo nitalieleza bila chumvi, kwa sababu bila hilo hutaelewa la pili. La pili hujawahi kulisikia.

La kwanza ni lile la mbuzi.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwembamba, na kofia ya kuazima. Nilitoka kwetu Kasikeu, Makueni, na mjomba wangu nikileta mbuzi watatu wa ntheo hapa Kitui, wale mbuzi ambao bila wao binti ya watu hawezi kuhesabiwa kuwa mke wako hata mkizaa kumi. Babu yako alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye miti yote ya huku nyuma. Wazee wakaingia kuongea, sisi vijana tukabaki nje, na ndugu za mama yako wakaanza kunionja.

"Huko Makueni mnajua nyuki, ama mnajua maembe tu?"

Mtu mwenye akili angecheka. Mimi nikasema, "Kwetu tunapakua asali mchana, na hatutumii moshi. Moshi ni wa waoga."

Mwaitu, nilikuwa sijawahi kupakua asali maishani mwangu wakati huo. Hata kwa moshi. Hata usiku, wakati watu wenye akili hupakua. Lakini mama yako alikuwa amesimama dirishani na sahani mkononi, na mimi nilikuwa na kofia. Nikapanda mti wa mzinga uliokuwa karibu.

Nyuki wa kwanza alinidunga shingoni. Nikajiambia, mmoja tu. Kumbe hakuna kitu kama nyuki mmoja. Niliruka chini nikakimbilia jikoni kwa wanawake, na nyuki walipokosa mtu wakageukia walichokipata. Mbuzi wa ntheo walikuwa wamefungwa chini ya mti uleule. Wawili walikata kamba. Wa tatu, beberu, hakukata.

Babu yako alitoka nje mambo yalipotulia, akamwangalia beberu, akaniangalia mimi nikiwa nimevimba kama gunia la maharagwe. Akamwambia mjomba wangu, "Mmeniletea mbuzi watatu. Nimehesabu wawili na kitoweo."

Hapo hadithi huishia na watu hucheka. Lakini kuna kipande huwa sikisemi, kwa sababu hakichekeshi. Jioni yule mzee alikuja na kigoda chake akakaa karibu nami, akanitoa miiba kwa kucha, mmoja mmoja. Nikamuuliza kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua kuliko maumivu.

"Baba, walijuaje wote mara moja? Yule wa kwanza hakupiga kelele."

Akanipa mwiba mmoja ninuse. Ulinuka kama ndizi mbivu. Akasema nyuki akidunga anaacha harufu, na harufu ile ndiyo inayowaita wenzake. Mwenzake akija anadunga, anaongeza harufu. Kila anayeitika anaita. "Ndiyo maana hawajui kunyamaza wenyewe," akasema. "Moshi hauwaui, wala hauwafanyi wajinga. Unafunika tu ile harufu, mwito usifike."

Sikulala usiku huo nikifikiria mwito usiofika. Ndiyo nikabaki huku ukweni kujifunza nyuki kwake, jambo ambalo watu wa Kasikeu hunicheka hadi leo, eti nimeolewa. Waache wacheke. Ndani ya Kitui hii leo, nitajie mtu anayeshika nyuki kunishinda. Usiniambie Mutua. Mutua anavaa glavu.

Sasa la pili.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ugonjwa ulianza na vidole vyako, asubuhi ukashindwa kukamua mbuzi. Tukasema ni baridi. Halafu upele ukatokea mashavuni, huku na huku kama mabawa. Halafu miguu ikavimba na mkojo ukaanza kutoa povu, na hapo mama yako akasema yeye hangoji tena. Utamkumbuka yule daktari, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisema ugonjwa unaitwa lupus. Akasema kinga ya mwili wako inakupiga wewe mwenyewe.

Nikamuuliza, "Amekosea nini?"

"Hajakosea kitu."

"Basi kinga yake ni mbovu."

"Si mbovu. Ina nguvu. Haijui kunyamaza."

Mwaitu, maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mahali. Haijui kunyamaza. Mtu mwingine angefunga mdomo afikirie aliyasikia wapi. Mimi nikataka daktari ajue anaongea na nani. Nikamwambia, "Daktari, mimi nieleze tu kisayansi. Nimefanya kazi na wanasayansi kule Kiboko."

"Vizuri sana," akasema. "Ulikuwa unafanya nini?"

Mama yako akajibu kabla yangu. "Alikuwa anavisha mahindi mifuko."

Ni kweli, na ni kazi ya maana, bila mfuko mahindi huoana ovyo. Lakini nilikasirika, na mtu akikasirika husikia nusu. Nusu niliyosikia ilikuwa kwamba utameza tembe ndogo nyeupe kila asubuhi, kwa muda mrefu, na kwamba zisikatizwe ghafla hata siku moja. Hiyo ya mwisho alisema mara mbili.

Tembe zilikusaidia. Vidole vikafunguka, miguu ikashuka. Lakini uso ukavimba ukawa duara, na watoto shuleni wakakuita Mandazi. Ulikuja nyumbani ukaniuliza mimi baba yako, "Nau, nitakaa hivi?" Nikacheka, nikasema mandazi ni kitu kitamu. Ukaenda nyuma ya nyumba. Nilikusikia ukilia na sikujua la kufanya, na mimi huwa ni mtu anayejua la kufanya. Ujue pia, na hili ni baya, kwamba nilikuwa baba aliyezoea kukutembeza. Nilipenda kwenda na wewe sokoni watu waseme huyu mtoto ametoa wapi sura. Wakawa hawasemi.

Basi siku moja nikachukua karatasi iliyokuja na dawa nikaisoma. Kizungu. Nilielewa sentensi moja kwenye ukurasa mzima, na ilisema dawa hii hukandamiza kinga ya mwili. Nikaisoma mara nne. Kukandamiza kinga! Kila mtu hapa anajua kinga ni uhai. Kanisani wanaombea kinga. Nikasema hawa watu wanammaliza mtoto wangu, na hakuna aliyegundua ila mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Wiki hiyo sokoni kulikuwa na jamaa juu ya pikapu na spika. "Jenga kinga, ongeza kinga, mwili bila kinga ni nyumba bila mlango." Nilisimama kama nimeitwa kwa jina. Alikuwa na unga, alikuwa na mafuta, na alikuwa na tembe ndogo nyeupe. Nikatoa yako moja mfukoni nikalinganisha. Ukubwa uleule.

Unalijua lile kopo la majani ya chai tulimokuwa tukiweka dawa zako, ambalo umelipakia kwenye sanduku asubuhi hii nikikuangalia. Nilizimwaga za daktari chooni. Nikaweka za pikapu. Sikumwambia mama yako kwa sababu angeuliza maswali, na sikukuambia wewe kwa sababu ungeomba kusoma ile karatasi.

Siku ishirini na tatu, mwaitu. Kila asubuhi nilikuona ukifungua kopo, ukitoa moja, ukimeza na maji, ukinionyesha ulimi mtupu ili nijue umemeza. Uso ukaanza kupungua. Nikakupeleka kanisani na ile gauni ya njano, nikatembea polepole ili watu waone. Niliwaambia wawili watatu kwamba kuna mambo madaktari hawajui. Moyoni nilijiona mimi ndiye wa kwanza kuyajua.

Siku ya ishirini na nne hukuamka vizuri. Ulitapika kitandani, miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine, na nilipokusimamisha magoti yakakunjika. Jirani akatoa gari. Wakati wanakubeba mimi nilichukua kopo, nikamwaga zile tembe kwenye nyasi nyuma ya choo, nikaingia garini na kopo tupu. Angalia haraka ya akili yangu. Mtoto anazimia na mimi naficha.

Daktari wa miwani ya kamba alitutoa pembeni.

"Tembe ziko wapi?"

"Ziliisha jana," nikasema.

"Alikuwa anameza kila siku? Nahitaji ukweli, baba. Kama alikuwa anameza na bado amefika hapa, basi hii dawa imeshindwa, na itabidi niweke kali zaidi. Hiyo ina madhara mazito kwa msichana. Inaweza kumzuia kuzaa."

Hapo, Mwende, ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuwa mtu. Ilikuwa pale mbele yangu, kubwa kama mlango. Na mama yako amesimama kando, na nesi, na mwanafunzi mmoja na kitabu. Nikaona nikisema "anameza", utapewa dawa kali bure. Nikisema "mimi ndiye", mama yako ataniangalia vile atakavyoniangalia. Nikapata njia ya katikati. Mimi ni mtu wa kupata njia.

Nikasema, "Daktari, ni mtoto. Nafikiri alikuwa anazitema."

Akaamini. Kwa nini asiamini? Akasema basi dawa haijashindwa, tutarudia ileile, tuanze na ya mshipa. Ukawekewa. Siku ya tatu ukakaa. Siku ya tano ukaomba githeri. Na mimi nikajipongeza, nikasema umeona, nimempa daktari alichohitaji kujua, mtoto amepona, na hakuna aliyeumia.

Siku ile ya githeri mama yako alikuuliza, "Mwende, kwa nini ulitema dawa?"

"Sikutema."

"Nau amesema ulitema."

Ukageuza kichwa ukaniangalia. Nikaangalia ile chupa ya maji iliyoning'inia, nikahesabu matone. Halafu ukasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka, "Labda nilisahau."

Nimedungwa na mzinga mzima. Hayo maneno matatu, labda na nilisahau, ndiyo yaliyobaki ndani. Ndiyo, najua ni mawili. Hesabu pia niliachia kidato cha pili.

Uliporudi nyumbani uliomba kalenda, ile ya duka la dawa za mifugo yenye picha ya ng'ombe. Ukaanza kutia tiki kila ukimeza. Miaka sita hujakosa tiki. Watu huja hapa na kusema huyu binti ana mpango, na mimi hujibu ametoa kwangu. Najua ulitoa wapi. Ulitoa pale hospitalini, kwa kuamini kwamba kichwa chako kinaweza kukudanganya.

Pengine ningekaa na hii mpaka nizeeke. Kilichonitingisha ni likizo ile ya mwisho, uliponikalisha mezani na vifuniko vya soda. Unakumbuka? Nilikuuliza kwa kukuchokoza, "Haya, profesa, hiyo kinga inapigana vipi na haina mikono?" Badala ya kunicheka ukapanga vifuniko mstari mmoja.

"Hii ni ngozi ya seli," ukasema. "Hapa nje mwito umefika. Unagusa hapa. Hapa ndani kuna enzaimu imekaa imelala."

"Ena nini?"

"Kimeng'enya basi, kama unataka Kiswahili. Ni mfanyakazi. Akiguswa anaamka, anampa huyu wa pili kitu kidogo, alama tu, kama kumbandikia stempu. Huyo naye anaenda mpaka ndani kabisa kwa seli, anasema, ongezeka. Seli inagawanyika, zinakuwa mbili, nne, nane. Hivyo ndivyo askari wanavyozaliwa mwili ukivamiwa."

"Na nani anawaambia wakome?"

Ulitabasamu kama mtu aliyengojea swali hilo mwaka mzima. Ukachukua kifuniko cha rangi nyingine, chekundu. Ukasema kumbe ule mwito wenyewe, ukifika ndani, hautoi amri moja. Unatoa mbili. Moja ni ongezeka. Nyingine ni, tengeneza protini hii nyekundu. Na hii nyekundu ikishatengenezwa inarudi mpaka kwa yule mfanyakazi wa kwanza pale mlangoni, inamkalia mdomoni, asiweze kubandika stempu tena. Kelele inaisha. Ukakiweka kile chekundu juu ya kifuniko cha yule mfanyakazi, kikatulia.

Nikakuuliza, "Yaani mwito unazaa moshi wake?"

Ukaniangalia. "Eee, nau. Hivyo hivyo. Unazaa moshi wake."

Nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyeokota kitu njiani. Nikaendelea kukuuliza na wewe ukaendelea kujibu. Na hiyo nyekundu inakaa siku ngapi? Haikai sana, huvunjwa baadaye, ndiyo seli iweze kusikia mwito mwingine. Na nani anaivunja? Kuna wengine wa kazi hiyo. Na hao nani anawaambia? Ukasema nau, tutafika kwa Mungu na bado hatujala. Ukaniambia ziko protini nyingi za namna hiyo, za asili, kila mtu anazaliwa nazo, nyingine zinakalia mdomo, nyingine zinabandua stempu. Na kwa mtu wa lupus ni kama hazitoshi, ama zipo na hazisikizwi, na kwamba hata wakubwa wa sayansi bado hawajamaliza kuelewa. Ulisema hilo la mwisho macho yakiwaka, kama mtu aliyeonyeshwa shamba lisilolimwa.

Halafu mimi, mjinga, nikauliza swali moja zaidi. "Na zile tembe zako nyeupe, zinafanya nini hapo?"

Ukasema, "Zinaiga kitu ambacho mwili hutengeneza wenyewe. Zinaingia mpaka ndani zinaiambia seli, tengeneza vya kutuliza. Si kuua kinga, nau. Zinaongeza breki."

Niliinuka mezani nikasema nakwenda kuangalia kuku. Ukauliza, "Nau, umechoka?" Sikuwa nimechoka. Nilisimama hapa hapa nilipokaa sasa. Nilikuwa nimemwaga breki zako chooni, mimi, fundi wa moshi, mtu aliyepoteza beberu wa ntheo kwa kosa lilelile. Mara ya kwanza alilipa mbuzi. Mara ya pili nilikuachia wewe.

Bado ningenyamaza, nakwambia ukweli. Lakini wiki iliyopita mama yako alikuuliza kwa nini umechagua maabara wakati alama zako zinatosha udaktari, na mimi nilikuwa nje ya dirisha nikinoa panga. Ukamjibu polepole, "Mtu aliyesahau dawa yake mwenyewe hawezi kupewa za watu wengine. Kule maabara nikikosea, mashine itaona."

Panga lilinikata kidole. Ndiyo hiyo plasta uliyonicheka.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako. Alikuwa anakunja blanketi lako. Nikasema, "Ndinda, ile mambo ya dawa. Mtoto hakutema. Mimi ndiye niliyebadilisha."

Alilikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena.

"Miaka sita," akasema, "namwangalia akihesabu tembe kama karani. Na kila akiugua homa kidogo namwambia, Mwende, usitufanyie tena vile."

"Najua."

"Hujui. Ni mimi niliyekuwa nikisema. Wewe ulikuwa unasikiliza tu."

Akaliweka blanketi ndani ya sanduku lako. Akasema, "Utamwambia leo."

"Nitamwandikia. Nikiongea nitatia mzaha."

"Mwandikie. Kesho tukifika steji ya basi kama hajui, nitamwambia mimi, mbele ya makanga."

Kwa hivyo usidhani barua hii ni ushujaa. Nimesukumwa. Lakini nimeandika mwenyewe, na nimefuta mzaha mwingi, hujui tu uliokuwepo.

Sikuombi uniambie si kitu. Ukitaka kunyamaza mpaka likizo, nyamaza. Ukitaka kunipigia simu unikaripie, nitapokea, na sitakata, na sitajifanya mtandao ni mbaya. Hata ukiita jina langu bila kusema nau, nitaitika.

Jambo moja tu nakuomba ufikirie, na ni swali, si amri. Uliniambia mwanafunzi anaweza kuomba kubadilisha kozi wiki za kwanza. Kama unataka maabara kwa sababu ya vile vifuniko, kwa sababu ya kile chekundu na yule anayekivunja na yule anayemwambia akivunje, basi nenda maabara, uwasumbue hao wakubwa wa sayansi kama mimi nilivyokusumbua, na ukipata jibu uniletee mimi kwanza kabla hujampa mtu mwingine, nikatambe nalo sokoni. Lakini kama unakwenda huko kwa kuogopa mkono wako mwenyewe, jua huo mkono haukukosea. Uliokosea ni wangu, huu hapa wenye plasta.

Nimefika ukurasa wa mwisho wa kemia. Binamu yako amemaliza kukusuka na unajiangalia kwenye kioo cha simu. Umependeza, na leo sitajisifu kwa hilo, sura ni ya mama yako.

Barua hii nitaikunja niiweke ndani ya lile kopo, juu ya tembe, uikute kesho asubuhi kabla hatujatoka. Ni zile za hospitali, zako za kweli. Nimezihesabu mbele ya mama yako na akahesabu tena baada yangu, kama inavyostahili. Pamoja na barua utakuta karatasi kuukuu. Ni ule mwezi wa kalenda ya ng'ombe, wa kabla ya hospitali. Uliporudi ulijaribu kukumbuka ni siku zipi ulizokosa, na kwa sababu hukuweza, ukaweka alama ya kuuliza kwenye kila siku tangu tarehe moja hadi ulipolazwa, ishirini na tatu, kwa penseli. Baadaye ukaing'oa ukaitupa. Mimi niliiokota, na nimeificha ndani ya mzinga usio na nyuki miaka yote hii. Inanuka moshi, utaniwia radhi.

Nimezipitia zile alama moja moja kwa kalamu hii. Juu ya kila moja nimetia tiki.

Hukusahau, mwaitu. Kila asubuhi ulimeza nilichokupa.

Nau wako,
Kyalo